Mtoto Huyu ni wa Nani? Jibu Kuhusu Familia za Uholanzi Zilizowahifadhi Watoto wa Kiyahudi, 1942–1945

Swali: "Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mjini Morogoro. Tulipofika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanafunzi walinibana kwa maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyajibu. Iliwezekanaje familia ya Kikristo nchini Uholanzi ikae na mtoto wa Kiyahudi miaka miwili au mitatu bila majirani kugundua? Je, familia hizo zililipwa? Na vita vilipokwisha, mtoto alirudishwa kwa nani ikiwa wazazi wake walikuwa wameshauawa?"

Mwalimu mwenzangu, wafikishie wanafunzi wako salamu zangu, kwa sababu wamegusa jambo ambalo hata wanahistoria walichelewa kuliuliza. Katika maswali yao matatu, la tatu ndilo zito, na ndilo lililowagombanisha Waholanzi kwa miaka mingi baada ya vita. Hata hivyo, mtu hawezi kulielewa kabla ya kujua mtoto alifikaje kwenye mlango wa watu wasio wake, kwa hiyo uniwie radhi nikianzia mbali kidogo.

Picha waliyo nayo wanafunzi wengi ni ya Anne Frank, aliyejificha pamoja na wazazi wake na dada yake nyuma ya kabati la vitabu, katika jengo la biashara ya baba yake mjini Amsterdam. Familia nzima kujificha mahali pamoja namna hiyo ilikuwa bahati ya wachache. Kwa kawaida waliojificha walitawanyika, maana ni rahisi kupata nyumba itakayompokea mtu mmoja kuliko itakayowapokea wanne, na mtoto mdogo alitenganishwa na wazazi wake, pengine bila wao kuambiwa amepelekwa kijiji gani, ili wakikamatwa wasiwe na la kusema. Zaidi ya hayo, mtoto huyo mara nyingi hakukaa nyuma ya ukuta wala chini ya sakafu. Aliishi mbele ya macho ya watu, akaenda shule na kanisani, akachunga mbuzi na kucheza na wenzake, huku akiitwa kwa jina lisilo lake na akisimulia habari za kwao ambazo alikuwa amefundishwa kwa moyo. Waholanzi wana kitenzi chao cha kueleza hali hiyo, onderduiken, ambacho maana yake ni kuzama chini ya maji kama mpiga mbizi. Kwa watoto hawa kilichozama ni asili yao, wakati mwili ulibaki juu ukionekana na kila mtu.

Wanafunzi wapate pia ukubwa wa msiba wenyewe, la sivyo hadithi za waokoaji zitawapotosha. Ujerumani iliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Siku nne baadaye ndege ziliuteketeza moyo wa mji wa Rotterdam, na jeshi la Uholanzi likasalimu amri. Wayahudi waliokuwa nchini walikuwa kama 140,000. Mwanzoni mwa 1941 waliamriwa kujiandikisha, vitambulisho vyao vikapigwa muhuri wa herufi J, Mei 1942 wakalazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo zao, na Julai mwaka huohuo treni za kwanza zikaondoka kambi ya Westerbork, iliyokuwa ndani ya Uholanzi, kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi katika ardhi ya Poland. Katika watu wapatao 107,000 waliosafirishwa, waliorudi ni kama 5,000 tu. Karibu robo tatu ya Wayahudi wote wa nchi hiyo waliuawa, na hakuna nchi nyingine ya Ulaya Magharibi iliyopoteza sehemu kubwa kiasi hicho. Nchi ile ni tambarare, haina milima wala misitu mikubwa ya kujificha, haikupakana na taifa lolote lisilo vitani, na madaftari yake ya wakazi yalitunzwa kwa umakini ambao siku za amani ulikuwa sifa na siku za vita ukawa mtego. Polisi wa Kiholanzi walisaidia kukamata, na reli ya Uholanzi ilisafirisha. Waliofungua milango yao walikuwa wachache, na naona ni vizuri jambo hilo lisemwe darasani kabla ya mengine yote.

Sasa nije kwenye barabara moja mjini Amsterdam, Plantage Middenlaan, kwa sababu hapo ndipo unapoonekana vizuri mnyororo ambao familia za vijijini zilikuwa pete yake ya mwisho. Upande mmoja wa barabara palikuwa na jumba la maonyesho, Hollandsche Schouwburg, ambalo tangu kiangazi cha 1942 Wajerumani walilitumia kuwakusanya Wayahudi waliokamatwa kabla ya kuwapeleka Westerbork. Watu walibanana humo siku kadhaa, wakati mwingine wiki, na kelele za watoto ziliwaudhi walinzi. Ndipo ilipoamriwa kwamba watoto wadogo wavushwe barabara na kukaa katika kituo cha kulelea watoto kilichotazamana na jumba hilo. Kituo kiliongozwa na Henriëtte Pimentel, mwanamke wa Kiyahudi mwenye umri mkubwa, akisaidiwa na wasichana wa Kiyahudi waliokuwa wakijifunza kazi ya ulezi. Ndani ya jumba lenyewe, Baraza la Wayahudi, chombo ambacho Wajerumani walikiunda ili kupitishia amri zao, lilimweka Walter Süskind kuwa msimamizi. Süskind alikuwa Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani, na kwa Kijerumani chake fasaha na ucheshi wake alijenga mazoea na afisa wa SS, kikosi cha Wanazi, aliyehusika na usafirishaji, huku usiku yeye na mwenzake Felix Halverstad wakiyaondoa majina ya watoto kwenye kadi za orodha. Kila mtoto aliyetoroshwa ilibidi kwanza afutwe katika hesabu, kwa maana mtoto asiyekuwamo kwenye orodha hawezi kutafutwa.

Pua na mdomo na kituo palikuwa na chuo cha ualimu cha Kiprotestanti, ambacho mkuu wake alikuwa Johan van Hulst. Bustani za nyuma za majengo hayo mawili zilitenganishwa na ua wa miti tu, na juu ya ua huo watoto walipokezanwa kwa mikono, wakalazwa katika madarasa ya chuo, kisha wakachukuliwa na wanafunzi wa vyuo vikuu waliojifanya wageni wa kawaida. Wengine walitolewa kwa mlango wa mbele, ndani ya mifuko ya mgongoni, masanduku na vikapu vya nguo chafu, kwa kusubiri tramu ipite katikati ya barabara na kumkinga mlinzi aliyesimama upande wa pili asione. Kwa njia hizo waliokolewa watoto kama 600, hadi kituo kilipofungwa kabisa mwishoni mwa Septemba 1943. Van Hulst aliishi hadi miaka 107, akafariki 2018, na hata uzeeni alikuwa akieleza jinsi siku ya mwisho alivyoombwa achague watoto wachache wa kuondoka nao, akawachukua 12, na swali lililobaki naye maisha yake yote likawa: kwa nini hakuwachukua 13.

Kabla ya mtoto kutoka, wazazi waliokuwa ng'ambo ya barabara waliulizwa. Hapa ndipo mimi mwenyewe, kila ninapofundisha habari hizi, hupunguza mwendo. Wauguzi wasichana, wengi wao chini ya miaka 20, walilazimika kumwendea mama ndani ya jumba lile na kumwomba amtoe mwanawe kwa watu asiowajua, waende naye mahali asipopajua, na jibu litoke upesi. Wazazi wengi walikataa. Tusiwahukumu: waliambiwa kwamba wanapelekwa kufanya kazi mashariki, na mzazi gani angempa mgeni mtoto wake mchanga wakati anaamini kwamba familia ikikaa pamoja itastahimili? Waliokubali, wengine walipanda lori wakiwa wamekumbatia mwanasesere aliyeviringishwa blanketi, ili idadi ya vichanga isitie shaka. Kukubali kwa mama huyo ndiko kulikoanzisha kila kitu kilichofuata, na katika hadithi nyingi za waokoaji husahauliwa.

Kutoka Amsterdam watoto walisafirishwa na makundi manne hasa. Wanafunzi wa Utrecht walikuwa na kamati yao ya watoto, iliyokuwa na akina Hetty Voûte, Gisela Söhnlein na Rut Matthijsen. Wanafunzi wa Amsterdam waliongozwa na Piet Meerburg. Kundi la tatu lilitokana na gazeti la siri la Trouw. Na la nne, la ndugu Jaap na Gerard Musch pamoja na rafiki zao, lilijiita NV, ufupisho ambao kwa Kiholanzi ni wa kampuni ya hisa, lakini maneno yake yakichukuliwa kama yalivyo humaanisha ushirika usio na jina. Kwa jumla makundi hayo yaliokoa watoto zaidi ya 1,000. Safari zenyewe zilifanywa zaidi na wasichana, kwa kuwa kijana wa kiume aliyebeba kichanga ndani ya treni angetazamwa na kila abiria, lakini msichana mwenye mtoto hakuna aliyemjali. Watoto wenye nywele nyeusi walipelekwa zaidi Limburg, kusini, eneo la Wakatoliki na wachimba makaa ya mawe, ambako weusi wa nywele haukuwa ajabu. Wenye nywele za dhahabu walipelekwa kaskazini, Friesland. Katika kijiji cha Tienray, mkunga Hanna van de Voort alitafuta nyumba za watoto zaidi ya 100 katika vijiji vya jirani, na mjini Heerlen mchungaji Gerard Pontier aliwafungulia NV mlango wa kwanza, kisha wa pili, hadi nyumba za wachimba migodi zikajaa watoto.

Majirani hawakugundua? Jibu langu, mwalimu, ni kwamba wengi waligundua. Kulikuwa na hadithi ya kuwaambia, na ilikuwa hadithi nzuri: mtoto ametoka Rotterdam, nyumba yao iliungua kwa mabomu, vyeti vimeteketea, mama anaumwa. Watoto wa namna hiyo walikuwapo kweli, pamoja na wale waliohamishwa kutoka maeneo ya pwani kama The Hague pale Wajerumani walipojenga ngome zao, hivyo mgeni mdogo kijijini hakuwa kioja. Vichanga viliandikishwa kama watoto wa nje ya ndoa, na kuna wasichana waliobeba aibu hiyo mbele ya ukoo na kanisa bila kusema neno. Lakini kijiji ni kijiji, kwenu na kwao. Mwenye duka hujua nyumba fulani imeanza kununua maziwa zaidi; mwalimu wa darasa la kwanza hujua mtoto hageuki akiitwa jina lake; majirani huona kwamba mvulana hakojoi na wenzake nyuma ya ghala, kwa sababu alitahiriwa na wenzake hawakutahiriwa, na ndiyo maana wasichana walipokelewa kwa urahisi kuliko wavulana. Kilichomlinda mtoto ni kwamba walioona walinyamaza. Kijiji cha Nieuwlande katika jimbo la Drenthe ndicho mfano ulio wazi zaidi: kwa ushawishi wa mkulima Johannes Post na mwenzake Arnold Douwes, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuficha, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na siri, hakuna aliyethubutu kumsaliti mwingine. Taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem, inayotunza kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi na kuwaenzi waokoaji, imekitunuku kijiji kizima, heshima ambayo zaidi ya hapo imepewa Le Chambon-sur-Lignon peke yake, nchini Ufaransa.

Kuhusu malipo, wanafunzi wako watataka jibu la ndiyo au hapana, nami siwezi kuwapa. Chakula kiligawiwa kwa kadi za mgao, na mtoto asiyekuwamo kwenye daftari hakuwa na kadi, kwa hiyo kinywa kimoja zaidi mezani kilikuwa tatizo la kila siku, hata kwa familia yenye moyo mkubwa. Mtandao wa taifa wa kuwasaidia waliojificha, uliojulikana kwa herufi LO, ulianzishwa mwishoni mwa 1942 na Helena Kuipers-Rietberg, mama wa watoto watano, pamoja na mchungaji Frits Slomp, na kadi zake zilipatikana kwa msaada wa vikosi vya siri vilivyovamia ofisi za ugawaji kwa bastola. Makundi ya wanafunzi yalitafuta fedha za kuwapa walezi kila mwezi kwa ajili ya mahitaji. Wenzetu wa Utrecht walipata sehemu ya fedha hizo kwa kuchapa kwa siri na kuuza shairi la Jan Campert kuhusu wanaume 18 wanaosubiri kupigwa risasi, na kutokana na mauzo hayo ikazaliwa De Bezige Bij, ambayo hadi leo ni nyumba kubwa ya uchapishaji. Walezi wengine walizipokea fedha hizo kwa kuwa hawakuwa na namna, wengine walizikataa kwa kuona haya, na walikuwapo waliomgeuza mtoto kitega uchumi, wakapandisha bei wakijua wazazi hawana pa kwenda. Watoto wengine walipigwa, wakafanyishwa kazi kama punda, wakanyanyaswa kwa namna ambazo walikuja kuzisema wakiwa wazee. Mtoto aliyehifadhiwa hakuwa na wa kumshtakia mlezi wake, na kwa wengi hofu ya kufukuzwa ndiyo iliyowafunza utii. Tukilisema hili hatuwapunguzii heshima waliotenda wema, na tukilinyamazia tunawadhulumu walioteseka.

Ukiuliza ni nani walioelekea zaidi kupokea, takwimu zinaonyesha jambo la ajabu kidogo. Wakalvini, yaani Waprotestanti wa madhehebu makali, wale ambao Waholanzi huwaita gereformeerd, walikuwa chini ya mtu 1 kati ya 10, lakini inakadiriwa walifanya karibu robo ya uokoaji wote. Wengine hulieleza kwa imani, kwamba waliwaona Wayahudi kuwa taifa teule la Biblia. Mimi nadhani mpangilio wa maisha yao ulichangia vilevile: walikuwa na kanisa lao, shule zao, gazeti lao na chama chao cha siasa, wakaoana wao kwa wao, kiasi kwamba mchungaji mmoja akisema neno Jumapili, Jumatatu nyumba 20 katika wilaya 3 zimelisikia, na hakuna mgeni aliyelisikia. Imani iliwapa sababu, na ukoo wa kikanisa ukawapa njia. Wakatoliki wa Limburg, wasoshalisti wa mijini na watu wasio na dini yoyote nao walipokea watoto, kila mmoja kwa njia zake.

Hatari ilikuwa kubwa, ingawa haikuwa sawa na ile ya Poland, ambako tangu Oktoba 1941 kumhifadhi Myahudi kuliadhibiwa kwa kifo. Nchini Uholanzi aliyekamatwa aliweza kuonywa, kufungwa, au kupelekwa kambini, na hakuna aliyejua mapema itakuwa ipi kati ya hizo. Kuanzia Machi 1943 genge la Waholanzi lililojulikana kwa jina la kiongozi wake, Henneicke, lilianza kuwasaka waliojificha kwa malipo ya guilder 7.50, fedha ya Uholanzi ya wakati huo, kwa kila kichwa, na ndani ya miezi michache likawakabidhi Wayahudi zaidi ya 8,000. Voûte na Söhnlein walikamatwa 1943 na kuishia kambi ya Ravensbrück, ambako walinusurika. Kuipers-Rietberg alifia huko. Joop Woortman, aliyekuwa moyo wa shughuli za NV mjini Amsterdam, alifia kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945, na Jaap Musch alipigwa risasi Septemba 1944. Katika nyumba moja mjini Huizen, mwanafunzi Marion van Binsbergen, ambaye baadaye aliitwa Pritchard, alikaa na Myahudi mmoja na watoto wake watatu wadogo. Usiku mmoja msako ulikuja na kuondoka bila kuwapata chini ya sakafu, lakini nusu saa baadaye polisi wa Kiholanzi aliyekuwamo katika msako ule alirudi peke yake, watoto wakiwa wameshatolewa shimoni kwa sababu mdogo alikuwa akilia. Marion alimpiga risasi, na mzishi wa mji akaificha maiti ndani ya jeneza la mtu mwingine. Huo nao ulikuwa ulezi.

Sasa swali la tatu. Kusini mwa Limburg kulikombolewa Septemba 1944, sehemu kubwa ya nchi iliyobaki ikangoja hadi Mei 1945, baada ya majira ya baridi ya njaa yaliyoua watu wapatao 20,000. Watoto wa Kiyahudi waliotokea mafichoni walikuwa kama 3,500. Kiasi cha 2,000 kati yao walikuwa wamepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Hata waliobahatika kurudiwa na mama au baba hawakupata furaha tunayoitazamia. Mtoto aliyetolewa akiwa na miaka 2 alikuwa sasa na miaka 5. Mama aliyemjua ni yule aliyemwogesha jana, na mwanamke aliyekonda aliyesimama mlangoni akilia alikuwa mgeni wa kuogopwa. Watoto walijificha chini ya meza, wakamshika sketi mama mlezi, wengine wakarudi kwa miguu hadi kwa walezi wao. Walezi nao walikuwa wazazi kwa kila namna isipokuwa damu, na kuna waliompeleka mtoto kituoni wakarudi nyumbani kuomboleza kama waliofiwa.

Kwa mayatima kamili, serikali iliunda tume mnamo Agosti 1945, iliyojulikana kwa herufi OPK, yaani tume ya watoto wa kulelewa wa vita. Mwenyekiti wake alikuwa Gesina van der Molen, mwanasheria Mkalvini ambaye mwenyewe alishiriki kuwaokoa watoto wa Amsterdam, na ndani ya tume Wayahudi walikuwa wachache kuliko wasio Wayahudi. Msimamo wake ulikuwa kwamba kila mtoto atazamwe peke yake: anakaa wapi kwa sasa, anampenda nani, na wazazi wake waliishi maisha ya Kiyahudi kwa kiasi gani kabla ya vita. Wayahudi walionusurika, wakiwa na shirika lao la Le-Ezrath Ha-Jeled, walisema kwamba jamii iliyopoteza robo tatu ya watu wake haiwezi kuambiwa ithibitishe uyahudi wa watoto wake mmoja baada ya mwingine, na kwamba mzazi alipomtoa mwanawe aokolewe hakumtoa abatizwe. Wajumbe wa Kiyahudi walifikia hatua ya kujitoa kwenye tume. Nikiupima mgogoro huu kwa macho ya leo, naona Van der Molen hakuwa mtu mbaya, lakini alikosea pale alipouhesabu wokovu kama dai: kwamba aliyemwokoa mtoto amepata haki ya kumrithi. Mwisho wa yote, mayatima wengi walikabidhiwa kwa walezi au vituo vya Kiyahudi, na kama 360 waliachwa katika familia zisizo za Kiyahudi.

Baadhi ya kesi zilifika mahakamani, na chache zilivuka mipaka ya nchi. Msichana mmoja aliyezaliwa 1940 na kulelewa na akina dada Wakatoliki mjini Hilversum aliamriwa na mahakama akabidhiwe kwa walezi wa Kiyahudi. Badala yake akatoweshwa, akafichwa Ubelgiji na Ufaransa, akaonekana tena 1961 alipotimiza miaka 21, na kufikia hapo alikuwa Mkatoliki kwa hiari yake. Ufaransa nayo ilitikiswa 1953 na kisa cha ndugu wawili Finaly, waliofichwa Grenoble, wakabatizwa bila idhini ya ndugu zao, wakavushwa hadi Hispania, kisha wakarudishwa kwa shangazi yao na kwenda Israel. Ukitafakari, watoto hao walifichwa mara mbili: mara ya kwanza dhidi ya Wanazi, na mara ya pili dhidi ya ndugu zao wenyewe.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa wanafunzi wako waujue, kwa sababu unajibu swali ambalo hawajaliuliza bado: watoto hawa waliendeleaje? Hans Keilson alikuwa daktari Myahudi mzaliwa wa Ujerumani. Wakati wa vita aliishi Delft kwa vyeti bandia, akawa akizungukia nyumba mbalimbali kwa niaba ya wapinzani wa Wanazi ili kuzungumza na watoto waliofichwa walioanza kukojoa kitandani, kukataa chakula au kunyamaza kabisa. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Baada ya vita aliendelea kuwatibu mayatima, na mwaka 1979 akachapisha matokeo ya kuwafuatilia 204 kati yao hadi ukubwani. Aliyagawa maisha yao katika vipindi vitatu: kuanza kwa mateso, kipindi cha kutenganishwa na kufichwa, na kipindi cha baada ya vita. Alichogundua ni kwamba kipindi cha tatu kilikuwa na uzito mkubwa kuliko wengi walivyodhani. Mtoto aliyeteseka vibaya mafichoni lakini akapata mikono mizuri baada ya vita mara nyingi aliendelea vizuri zaidi kuliko mtoto aliyefichwa katika nyumba nzuri kisha akavutwa huku na huku, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, bila mtu wa kumweleza yeye ni nani na wazazi wake walikwenda wapi. Watu wazima waliamini kwamba kutozungumza kungewasaidia watoto kusahau. Watoto nao walielewa kwamba wao, waliobaki hai na waliokula mezani, hawana haki ya kulalamika mbele ya waliotoka kambini. Ilipofika 1991, walipokutana kwa mara ya kwanza kwa wingi mjini New York, wengi walikuwa na wajukuu, na ndiyo kwanza walikuwa wakijiita watoto waliofichwa.

Jambo la mwisho ni la kazi ya darasani. Ukiwaagiza wanafunzi watafute majina katika orodha ya Yad Vashem ya waokoaji, watakuta Waholanzi wanaokaribia 6,000, idadi inayozidiwa na Poland peke yake, na Van Hulst, Meerburg, Douwes na Van de Voort wamo. Hawatamwona Henriëtte Pimentel, aliyeuawa Auschwitz Septemba 1943, wala Walter Süskind, aliyekufa mwanzoni mwa 1945 baada ya kusafirishwa yeye na familia yake. Heshima ya kuandikwa katika orodha hiyo hupewa wasio Wayahudi tu, kwa hiyo Wayahudi waliosimama mwanzoni mwa mnyororo, wakifuta majina kwenye kadi na kuwaomba akina mama wakubali, hawawezi kuandikwa humo. Wanafunzi wako wawatafute kwenye Makumbusho ya Taifa ya Maangamizi ya Wayahudi yaliyofunguliwa Machi 2024 katika jengo la kile chuo cha ualimu cha Plantage Middenlaan, upande ule wa ua wa miti ambako watoto walipokelewa.